Oili ya Injini Haingii Kwenye Breki

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya barabara pale Tunduma, enzi za Mwingereza, Fomeni, mkuu wa mafundi, hakunipa spana. Alinipa raba ndogo ya breki, akaniamuru niitumbukize katika kopo la oili ya injini, kisha nikafagie. Siku kadhaa baadaye aliniita niitoe. Ilikuwa imevimba na kulegea kama ugali uliomwagiwa maji.

"Hivyo ndivyo lori linavyoua watu," alisema.

Malori yetu yalikuwa makuukuu, na raba zake za asili zilitaka mafuta ya breki yaliyochanganywa kwa mafuta ya mbegu za nyonyo na spiriti. Oili, dizeli, hata mafuta ya taa, vyote huila raba ile. Ikishavimba hukwama, halafu huvuja. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake.

Mwaka mmoja mvua ilikata barabara ya Mbebe, kule milimani Ileje. Bwana Inspekta wa Barabara alitaka vibarua wapelekwe asubuhi ileile. Bomba la breki la lori la kuwabeba lilikuwa limepasuka. Nililibadilisha, lakini mafuta ya kujazia hatukuwa nayo. Tulikuwa tukiyangoja kutoka Mbeya. Vibarua walikwisha kupanda na majembe yao.

"Jaza oili," alisema Inspekta.

"Hapana, Bwana. Itakula raba."

"Wakifika salama, utabadilisha hizo raba."

Nilimtazama Fomeni, mwalimu wangu. Akatazama chini. "Jaza, Mtafya," akasema.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilichomoa hendeli ya kuwashia injini, nikaikumbatia, nikawageukia waliokuwa juu. "Baba zangu, shukeni. Gari hili halina breki."

Dereva, mzee Simbeye, alishuka wa kwanza. Wengine wakamfuata.

Inspekta hakupaza sauti. "Kesho utakwenda Chitete kuvunja mawe."

"Nitavunja, Bwana."

Nikavunja, mikono ikaota sugu. Lori lilingoja mafuta yake, na barabara ikachelewa kufunguliwa. Watu wa Mbebe walikaa bila chumvi. Hata mjomba wangu alinilaumu, nami sikumwomba radhi.

Fomeni alinifuata Chitete siku moja. "Nina watoto, Mtafya. Ningefanya nini?"

"Hata wale waliokuwa juu ya lori wana watoto, Bwana Fomeni."

Sikurudishwa karakana ya serikali. Nilitengeneza magari ya wafanyabiashara hapo mpakani mpaka macho yalipochoka, nikaweka spana chini. Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, likija gari la zamani, ulizeni kwanza raba zake ni za aina gani. Msichanganye mafuta. Msipojua kilichomo, mwageni yote, osheni mabomba kwa spiriti, wekeni raba mpya.

Wapo wanaosema nilipoteza kazi nzuri kwa ukaidi. Ni kweli, niliipoteza. Nikirudishiwa asubuhi ile, nitaipoteza tena kabla ya chai.