Macho ya Alphonce

Kabla darubini haijafika Manyoni, damu ya mgonjwa ilipakwa kwenye kioo na kupelekwa Dodoma kwa gari moshi. Jibu lilirudi baada ya siku tano, pengine mgonjwa ameshazikwa. Mwaka 1949 Alphonce alimaliza mafunzo ya kupima damu, akapewa darubini ya zahanati, na majibu yakawa yanatoka ndani ya saa moja. Watu walitembea kutwa nzima kumletea wagonjwa wao.

Mwaka wa nne jicho lake la kulia liliingia ukungu. Akahamia la kushoto, nalo likafuata. Hakumwambia mtu.

Masika hiyo Lazaro alimleta mkewe Rahabu kutoka Kintinku, mjamzito wa miezi sita, anaungua kwa homa. Alphonce alikitazama kioo muda mrefu, akaandika: hamna kitu. Wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi kwao.

Siku ya nne walirejea. Mimba ilikuwa imetoka. Alphonce alipaka kioo kingine, akainama, akaona weupe tu. Akamwita Elina, mkunga aliyezoea kutazama naye.

"Homa ya papasi hii, kaka," Elina alisema. "Vijidudu kama nyuzi, vimejisokota kila mahali. Huvioni?"

"Sivioni."

Rahabu akachomwa penisilini. Alphonce akakitoa kioo cha kwanza, Elina akakitazama. Vilikuwemo.

"Usiandike popote," Elina alimsihi. "Watakuondoa, na damu za watu zitarudi kupanda gari moshi."

Alphonce alitoka nje kwa Lazaro.

"Ndugu yangu, ugonjwa ulikuwemo siku ile ile. Mimi ndiye sikuuona. Macho yangu yameharibika."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kuachishwa kazi."

"Alikuwa wa kiume," Lazaro alisema, akaingia ndani kwa mkewe.

Rahabu alipona. Alphonce alimwandikia Bwana Mganga wa wilaya, akaachishwa. Elina aliomba aruhusiwe kupima. Akakataliwa kwa kuwa hakuwa na cheti. Miezi saba vioo vilisafiri Dodoma, na homa ikaua watu kumi na mmoja, akiwemo shangazi yake Elina.

Kwenye maziko ya shangazi huyo, mzee mmoja alimwambia Alphonce mbele za watu, "Ungenyamaza tu, mwanangu. Wengine ugonjwa wao ulikuwa bado unauona."

Alphonce alimtafuta Elina kwa macho katikati ya wanawake, lakini kwa umbali ule hakuweza kumtambua.