Herufi B ya Barua

Miaka ya tisini nilikuwa mchapaji katika duka la vifaa vya ofisi mjini Shinyanga, mali ya familia ya Kihindi. Kompyuta yetu ilikuwa moja, ya skrini nyeusi. Ukitaka programu, uliandika amri yake yote, neno kwa neno. Nilipochoka nilijifunza kutengeneza faili dogo la amri, nikaliita B, la barua. Ukibonyeza B kisha Enter, ukurasa wa kuandikia unafunguka.

Nilifanya hivyo kwa uvivu tu. Aliyefaidi zaidi ni mwalimu mstaafu wa Samuye, aliyepofuka uzeeni. Zamani alichapa mitihani kwa taipureta bila kutazama vidole. Siku moja alikuja nimwandikie barua kwa binti yake aliyeolewa Segese. Tulifika mstari wa pili, akanizuia.

"Yaliyobaki siwezi kumtajia mtu."

Nikaufunga ukurasa ule, nikamweleza habari ya B ili aanze upya mwenyewe, nikamgusisha vinundu vya F na J vinavyoongoza vidole.

"Basi nipishe, mwanangu."

Nikatoka barazani. Nilimsikia akichapa, akinyamaza muda mrefu, akichapa tena. Aliponiita niliitoa barua kwenye printa bila kuisoma, kama alivyotaka, nikaifunga kwenye bahasha.

Baada ya wiki tatu akaingia mwanamke ameshika karatasi ile ile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni wewe uliyechapa hii? Nimedhani baba kapatwa na kiharusi."

Nusu ya juu ilisomeka vizuri. Chini yake kulikuwa na vurugu tupu, ikianza na ",esmsmhi". Niliona aibu, nikaitazama kibodi mpaka nikaelewa: aliponyamaza aliinua mikono, akairudisha ikiwa imesogea kitufe kimoja kulia.

"Kwa kila herufi, chukua iliyo kushoto kwake," nikamwambia. Tukalitafuta neno la kwanza pamoja: mwanangu.

"Inatosha," akasema. "Mengine niachie."

Alikaa na kalamu ya risasi hadi adhuhuri. Alipomaliza alikunja karatasi, akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Anaogopa," akasema. "Tangu nizaliwe sijamsikia baba akisema anaogopa."

Alipanda gari la Samuye mchana huo huo, na baada ya siku chache akamchukua mzee wakaishi wote Segese. Sijui kama alimwambia habari ya vidole vyake. Mimi sikumwambia.