Filamu ya Waliotolewa

Jamleck alikuwa mpiga video wa mazishi, na ukitaka kumuudhi, mwite hivyo. "Mimi natengeneza filamu," angekujibu, wakati Jumamosi yake yote imejaa majeneza: Uthiru saa nne, Dagoretti saa nane. Mimi nilikuwa mhariri wake. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu katikati ya mji, dirisha likitazama ukuta wa jengo jingine, na humo nimesikia mahubiri yake juu ya filamu huru, mengi kuliko niliyowahi kusikia ya mchungaji yeyote.

"Filamu huru si filamu ya maskini, Mutiso," alikuwa akiniambia. "Maskini ni wengi na wanatengeneza tu venye wameambiwa. Filamu huru ni ile hakuna mtu amesimama nyuma yako akikwambia, toa huyu."

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mzee wa Ukambani anayechimba kisima saa nzima na maji hayatoki. Niliitazama naye mara tatu, na mara tatu nikasinzia. Yeye alilia mara zote. Mwenye filamu hiyo, eti, aliombwa aweke maji mwishoni ndipo asaidiwe kuimaliza. "Akakataa, Mutiso! Akakataa!" Utadhani mimi nilikuwa nimebisha.

Sisi hatukuwahi kukataa. Kwetu video ya mazishi haiishi makaburini. Wiki moja baadaye mtu wa kamati ya mazishi huja, huvuta kiti, hutuonyesha wa kutolewa: shemeji aliyelewa, mwana aliyefukuzwa nyumbani, na mara nyingi mno mama fulani aliyesimama kando na watoto wenye sura ya marehemu. Nami nilikuwa nikiwatoa. Lakini Jamleck hakuwatupa. Kwa miaka kumi na mmoja alihifadhi vipande hivyo katika diski moja aliyoifunga kwa kitambaa, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake: waliotolewa wote, mmoja baada ya mwingine, bila msimulizi wala mfadhili. Siku moja alinionyesha mwanzo wake. Ilikuwa nzuri. Nilimwonea wivu, na sioni haya kulisema.

Kisha akafariki Mzee Kiarie, mwenye nyumba za kupangisha pale Uthiru. Siku ya mazishi, nyuma ya mahema, alisimama mwanamke anayeuza matumbo karibu na kichinjio cha Dagoretti, pamoja na binti yake Nyakio. Watu walipokuwa wakitupa udongo, Nyakio alipenya katikati yao, akatupa wake, akasema, "Baba, kwaheri," kabla hajashikwa mikono na kuondolewa. Jamleck aliinasa yote. Aliniambia hiyo ndiyo roho ya filamu yake.

Norman, kifungua mimba wa marehemu, ni mzee wa kanisa lililokuwa likitupa karibu kazi zetu zote. Alipokuja hakuvuta kiti. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba Jamleck huweka vipande.

"Jamleck, wewe ni mtoto wetu, sitaki tukosane," alisema. "Huyo msichana na mamake watoe. Halafu hata kwa hiyo kitu yako ingine, wafute. Nikiona."

Nikangoja akatae. Miaka kumi na mmoja ya mahubiri, na saa yake ndiyo hii. Jamleck alitazama dirishani, yaani ukutani. "Mutiso," akasema, "futa."

Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya debe miaka yote hiyo. Hata hivyo kidole kilichofuta kilikuwa changu. Norman alituombea baraka kabla ya kuondoka, nasi tukaitikia amina.

Mwezi uliofuata Nyakio alipanda ngazi zetu akiwa amelowa mvua.

"Sasa. Ni wewe ulishika kamera siku ya baba yangu?" alimwuliza Jamleck. "Sina hata picha moja na yeye. Hata mamangu hana. Huko kwao wanasema sisi hatukukuwa kwa mazishi. Mathe ni mgonjwa, anataka tu aone venye tulikuwa."

Hapo angesema kweli, ingemuuma binti wa watu lakini yangeisha. Badala yake akamwambia, "Njoo Jumapili ya mwisho wa mwezi, Westlands. Naonyesha filamu yangu. Ni ya watu kama nyinyi."

Binti alipotoka nilimvaa Jamleck kwa maneno. Alinijibu kwamba midomo ilikataa, na kwamba pengine akiwaona wenzake atafarijika. Upuuzi mtupu, na nikamwambia hivyo. Ila sikumfuata binti kwenye ngazi.

Jumapili hiyo mkahawa mmoja ulituazima ukumbi wake. Walikuja watu kama thelathini. Nyakio na mama yake, aliyekonda ndani ya gauni lake la kanisani, walikaa mstari wa mbele. Kila jeneza lilipotokea, mama aliinama mbele.

"Ni hii?"

"Bado, Mathe."

Kwa dakika hamsini niliyasikia hayo. Taa zilipowaka watu walipiga makofi, na kijana mmoja mwenye miwani akamwuliza Jamleck ni nini hasa hufanya filamu iwe huru. Jamleck akajibu. Alijibu vizuri, neno kwa neno kama alivyozoea kuniambia mimi.

Nyakio alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. "Yaani hata hapa?" alimwuliza. "Hata kwa wenye walitolewa, tumetolewa?"

Nyakio akamshika mama yake kwapani amwinue, lakini mama alibaki ameketi, mkoba magotini, macho kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani.

"Wacha tungoje kidogo," alisema. "Pengine yetu ndiyo ya mwisho."

Mashine ya kuonyeshea filamu ilikuwa mikononi mwangu. Niliiacha ikiwaka, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuizima.