Kutu Inayotoka Ndani

Mtaani walimwita Fundi Kutu, na jina lenyewe lilianza kwa mzaha. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, mtu wa kupokea mlango uliobonyea na kuurudisha unang'aa kama siku ulipotoka kiwandani. Kifua kilipoanza kumgomea, akaacha bunduki kubwa ya rangi akashika ndogo, ile inayopuliza mstari mwembamba kama unywele, na kazi ikageuka juu chini. Sasa watu walimletea injini za treni za mfano, za kukaa kiganjani, mpya, zinazonuka plastiki, naye akazichakaza. Akazitia masizi juu, mafuta ubavuni, matope ya mvua iliyopita, na kutu.

"Dunia nzima inalipa ili ing'ae," alisema jirani yake kinyozi, "huyu analipwa ili vitu vizeeke. Kwangu mimi, kazi hiyo mke wangu ananifanyia bure."

Alifanyia kazi chumba cha mbele, kwenye meza iliyosukumwa hadi dirishani. Juu yake palikuwa na taa ya shingo ndefu, vikopo vya dawa vilivyojaa unga wa rangi badala ya vidonge, mswaki uliokwisha meno, sifongo la vyombo lililonyofolewa vipande, na kisahani cha chumvi ambacho mkewe alikwisha kata tamaa ya kukidai kirudi jikoni. Harufu ya tina ya kuyeyushia rangi ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia. Wageni walipokunja pua, mke alisema, "Karibuni, ndiyo manukato yetu."

Alikuwa na sheria moja, na hakuivunja kwa ajili ya mteja yeyote: hakupaka doa mpaka ajue limetoka wapi. "Doa halizaliwi bila mama," alisema. Maji hushuka, kwa hiyo alama yake hushuka. Mafuta hurushwa nyuma na upepo. Masizi hulala upande ule moshi unakokwenda. Mtu anayetapanya uchafu ovyo, alisema, anatengeneza takataka, hatengenezi uzee.

Mara moja tu aliivunja sheria hiyo.

Daktari wa meno ndiye aliyeleta kazi. Kliniki yake ilikuwa kando ya reli, na kila treni ya mizigo ilipopita ilimbidi autoe mkono wake kinywani mwa mgonjwa, maana sakafu ilitetemeka. Badala ya kuichukia treni hiyo aliipenda, kama watu wanavyompenda jirani mwenye kelele. Alitaka injini ileile, namba ileile, uchafu wake uleule. "Kama ilivyo, Fundi," alisema. "Usiipendelee."

Fundi alicheka. Injini hiyo iliendeshwa na binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa alikuwa mtu mzima mwenye leseni ya kuvuta mabehewa kupanda na kushuka milima.

Basi Kitinda akawa mpiga picha. Kabla ya safari alizunguka injini na simu yake, akapiga ubavu, ngazi, vioo, halafu akainama na kuusukuma mkono katikati ya kiunzi na gurudumu, kwa sababu baba yake alitaka na huko.

"Wenzangu wanapigwa picha harusini," alimwambia kwa simu. "Mimi nimelala kifudifudi napiga gurudumu. Nani ataliona, baba?"

"Nitaliona mimi."

Na kweli aliliona. Kwenye gurudumu moja la kushoto, kuzunguka kitovu chake, palikuwa na mistari myekundu iliyotawanyika kwenda nje, kama miale ya jua anayoichora mtoto. Rangi yake hakuwahi kuikuta popote: nyekundu kavu, ya unga, kama pilipili iliyotoka kusagwa. Fundi alisahau chai yake. Akachanganya unga, akafuta, akachanganya tena. Akamwomba Kitinda picha nyingine, ya jua la asubuhi, halafu nyingine ya kivulini. Kila picha mpya ilikuja na miale mirefu kidogo kuliko ya jana, naye kila mara alishika brashi akairefusha kwa nukta, moyo wake umejaa kama wa mtu anayepima urefu wa mjukuu ukutani.

"Doa linakua," alimwambia mkewe siku moja, akimsogezea gurudumu chini ya taa. "Tazama lilivyo zuri. Linakua."

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Alitazama, akarudi kwenye nguo, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kinachokua kwenye chuma, kinakula nini?"

Fundi aliiweka brashi chini.

Alipanga picha zote kwa mfuatano wake, ya kwanza hadi ya mwisho, akajiuliza swali ambalo alipaswa kuwa amejiuliza siku ya kwanza: mama wa doa hili ni nani? Vumbi la breki lilikuwapo, alilijua, lakini hilo hutua kila mahali, kwenye gurudumu, kwenye kiunzi, kwenye kokoto. Hili lilikuwa limetoka sehemu moja tu, pale gurudumu lilipobanwa kwenye ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu mawili, na lilitoka ndani kwenda nje. Yeye hakuwa mtu wa treni. Lakini kwenye magari aliwahi kuona nati iliyolegea ikilia kutu namna hiyo, na sababu yake ilikuwa moja: vyuma viwili vilivyotakiwa kuwa kimoja vilikuwa vinasuguana.

Akazima taa. Akaiwasha tena. Miale yake mizuri ilikuwa palepale, na hakutaka tena kuitazama.

Kitinda alikuja Jumapili mchana, amechoka, akavua viatu mlangoni na kujitupa kwenye kochi. Baba yake alimwachia anywe maji kwanza. Kisha akamweleza kwamba wekundu ule ni wa gurudumu linalolegea kwenye ekseli, na likihama konani treni itaacha reli.

"Vumbi la breki hilo, baba."

"Nani kasema?"

"Msimamizi wa karakana. Nilimwonyesha hizo picha nikamwambia baba yangu ameipenda hii rangi. Akacheka mpaka akakohoa."

"Alikwenda kulitazama gurudumu?"

"Hakwenda. Lakini hata akienda leo hataona kitu. Kuna wakubwa wanakuja kukagua, kwa hiyo karakana imepaka magurudumu yote rangi nyeusi. Yanang'aa kama viatu vya bwana harusi."

Hapo hata mama yake, aliyekuwa akipita na sinia, alisimama. Fundi aligeuka akaitazama bunduki yake ndogo ya rangi mezani. Maisha yake yote alikuwa amepaka rangi juu ya vitu vilivyobonyea. Aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Aliijua inavyoficha.

Alimletea Kitinda gurudumu la mfano. Binti alilishika kwa vidole viwili, akaligeuzageuza karibu na dirisha. Ucheshi ulimtoka usoni kidogokidogo.

"Miale ilikuwa imefika hapa?"

"Ilikuwa imefika hapo kwenye picha yako ya mwisho. Sasa sijui."

"Kesho nashuka mteremko," alisema. "Mzigo kamili."

Wote watatu waliujua mteremko huo. Reli inaukata mlima kwa kujipindapinda, na baada ya kona ya mwisho kuna nyumba za watu zimekaa karibu na njia kiasi kwamba abiria anaweza kumsalimu mtu anayepika.

Fundi alitoa kichupa cha rangi nyeupe na brashi yake nyembamba kuliko zote, ile ambayo hakumruhusu mtu hata kuigusa. "Kabla ya kuondoka, chora mstari mmoja. Uanzie kwenye gurudumu, uvuke pale linapokutana na ekseli, uishie kwenye ekseli yenyewe. Ukifika stesheni ya juu, kabla ya kushuka, inama uutazame. Kama vile viwili ni kimoja, mstari utakuwa mmoja. Nami nitakuwa mzee mjinga, utanicheka mwaka mzima."

"Na ukiwa umekatika?"

"Usishuke."

"Unasema kirahisi, baba. Nikigoma, msimamizi atasema mwanamke ameogopa mlima. Nimesubiri kiti kile miaka mingapi? Atakitoa siku hiyohiyo."

"Atakitoa," mama yake alikubali, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Kiti kitapata mtu. Mimi nitapata wapi Kitinda mwingine?"

Binti alikitia kichupa mfukoni. Kisha akaifunga brashi kwenye leso yake.

Siku iliyofuata Fundi hakuweza kushika kitu. Alifuta brashi zilizokuwa safi. Daktari alipokuja kuitazama kazi yake, alimkuta ameketi na simu mbele yake juu ya kitambaa, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Daktari aliinua injini, akaisogeza machoni, akahema kwa furaha.

"Ndiyo hii hasa. Na hii miale huku chini, Fundi, umeitoa wapi? Inapendeza sana."

"Iweke chini, Daktari."

"Haijakauka?"

"Iweke tu."

Simu ikatetemeka. Picha ilifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini, gurudumu jeusi kwanza, kisha ekseli. Mstari mweupe ulikuwapo, umechorwa vizuri. Lakini haukuwa mmoja. Kipande cha gurudumuni kilikuwa kimehamia upande, na cha kwenye ekseli kimebaki peke yake, kama mume na mke waliogeuziana mgongo. Na pale katikati, juu ya rangi mpya, wekundu ulikuwa umekwisha kuanza kuchungulia.

Alipiga. Kitinda alipokea mara moja. Nyuma ya sauti yake injini ilinguruma taratibu.

"Umeona?"

"Nimeona. Shuka humo, mama."

"Nimeshashuka. Nimempigia msimamizi nikamtumia picha. Anasema mstari wa rangi ya kuchezea si kipimo. Anasema wakubwa wanasubiri treni hii kule chini. Amemwambia msaidizi wangu aichukue yeye."

"Na yeye?"

"Amekaa kwenye kiti changu. Hanitazami."

Fundi alifumba macho. Usiku kucha alikuwa amemwombea mtoto wake asishuke mlima, na mtoto wake hashuki. Sasa mtoto wa mtu mwingine ndiye aliyekuwa kwenye kiti, na chini ya kona watu walikuwa wakianika nguo.

"Lakini hawezi kuondoka," Kitinda aliendelea. "Ule mpini wa kuchagulia mbele na nyuma unachomoka. Bila mpini, injini inanguruma tu, haiendi popote. Ninao mimi, uko kwenye mkoba, chini ya leso na kitana."

"Vizuri. Ushike."

"Wanaleta mpini mwingine kutoka karakana, baba. Wamempa mtu wa pikipiki."

"Wewe uko wapi sasa hivi?"

Alijibu kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akijibu utotoni alipoulizwa nani kavunja kikombe.

"Nimekaa relini. Mbele yake."

Fundi alipogeuka, mkewe alikuwa amekwisha kuinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa mume wake alizoea kuongea na simu kwa sauti ya watu wa karakana. Daktari alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaichungulia ile picha, kisha akatoa funguo.

"Gari langu liko nje," alisema.

Barabara ya stesheni ya juu ni moja tu. Walipoanza kupanda, pikipiki iliwapita kwa kasi, na nyuma ya dereva, kwenye kiti, palikuwa pamefungwa kwa mpira kifurushi kidogo cha gazeti, kirefu kama mkate mwembamba. Dereva alipiga honi ya shukrani kwa kupishwa.

"Ni yule?" Daktari aliuliza.

"Kanyaga mafuta," alisema mama.

Hawakumpata. Walipofika, pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini, dereva wake anapangusa kioo cha kofia yake, kazi yake imekwisha. Injini ilisimama mahali reli inapoanza kuinamia bonde, kubwa, nyeusi, na hewa juu yake ikichezacheza kwa joto. Kitinda alikuwa ameketi kwenye reli hatua chache mbele, ameipa mgongo, mkoba mapajani, amejiweka sawa kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Juu dirishani msaidizi alikuwa na simu sikioni na mpini mpya mkononi. Hakuwa ameuweka mahali pake, wala hakuwa ameutua.

Fundi alipita kando ya kokoto, kifua kikimbana, akaketi upande wa kushoto wa binti yake. Chuma kilikuwa cha moto. Mkewe alisimama akitazama nafasi iliyobaki.

"Sogea, mwanangu, nami nikae."

"Mama, rudini. Nyie rudini."

"Sogea."

Daktari alibaki kando ya njia kwa muda. Kisha akatandaza kitambaa chake cha mfukoni kwenye reli, akaketi mwisho wa safu, suruali yake ya kazi ikagusa grisi, naye hakuitazama. Chini yao reli ilitetemeka, mtetemo uleule wa sakafu ya kliniki, ila hapa ulipanda moja kwa moja hadi kwenye taya.

Kutoka dirishani walisikia sauti ya msimamizi ndani ya simu, nyembamba, ya mtu aliye mbali na mlima. Haikusikika yote. Ilisikika hii: "Piga honi. Watatoka."

Honi ikalia. Ndege waliruka kutoka kwenye waya, na bonde likairudisha sauti vipandevipande, chini kwenye kona, kwenye nyumba. Watu wanne hawakutoka. Kitinda aliushika mkoba kwa mikono miwili. Baba yake aligeuza shingo, taratibu, akamtazama kijana aliye juu. Na kijana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatazama chini, akaiacha simu iendelee kusema peke yake.