Kyengo Kilipogeuka Kuwa Nyumbani

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye milima ya Mbooni, siku ilianza kwa ukungu. Uliingia jikoni bila kubisha, na njiani kuelekea shule ulimsikia mwenzako kabla ya kumwona. Tulitembea miguu mitupu, kila mmoja na kiazi kitamu cha moto mfukoni, kikipasha mkono kwanza kabla ya kuwa chakula. Mtakumbuka, ninyi wa umri wangu, tulivyoteleza mteremkoni juu ya maganda ya migomba mpaka sare ikatoboka nyuma, halafu tukaingia nyumbani kinyumenyume ili mzazi asione. Wadogo zetu wa leo wana viatu vya shule na vya kanisani, na bado wanachelewa kuliko sisi.

Mimi nililelewa na Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Alisokota katani kwenye paja lake siku nzima, hata akizungumza, hata akiomba. Chakula chetu kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na mbaazi tangu asubuhi hadi jioni. Harufu yake ilikuwa kwenye nguo zangu na vitabu vyangu. Shuleni waliniita Mama Muthokoi. Niliudhika, lakini niliwaza zaidi kama wangeacha kuniita kabisa ingekuwaje.

Wazazi wangu walikuwa chini, kwenye ardhi kavu kupita mji wa Wote. Shamba la mlimani lilikuwa dogo, likagawanywa kwa ndugu, na Baba akateremka na ng'ombe wake kutafuta malisho. Mahali kama pale Wakamba hupaita kyengo. Ni kambi ya ng'ombe: kibanda, zizi la miiba, na watu wanaokaa huko kwa muda huku nyumba yao halisi ikiwa kwingine. Mwaitu, mama yangu, alimfuata pamoja na mdogo wangu Kioko ambaye hakuwa ameanza shule. Mimi niliachwa kwa sababu huko hapakuwa na shule karibu. Nilikuwa darasa la sita.

"Ni kyengo tu," Baba aliniambia akifunga mzigo. "Ukimaliza masomo yako hapa utatukuta tumerudi."

Nilishika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani. Kila nilipokuwa na hofu niliyarudia. Tumerudi. Ametaja kurudi. Mtu hawezi kusema kurudi kama hana nia.

Mwaka huo alikuja Mwalimu Nils, kijana kutoka Norwe, kufundisha sayansi kwenye shule ya harambee iliyokuwa jirani. Kila Jumamosi alinunua mayai kwa Susu. Susu hakujua Kiingereza, naye Mwalimu Kiswahili chake kilikuwa cha wiki tatu, kwa hiyo mimi niliketi katikati nikitafsiri.

"Mwulize," Susu alisema, "anayala yote haya peke yake? Huyu ni mtu au kenge?"

Nilitafsiri nikiwa nimeinamisha macho. Mwalimu alicheka. "Mwambie mimi ni kenge. Kenge bila mke."

"Na mama yake alikubali aje mbali hivi?"

Hapo hakucheka haraka. Alisema mama yake alilia, kisha akamfungia soksi sita za sufu. Susu akaongeza yai moja juu ya yale aliyokuwa amemhesabia.

Siku moja nilimwuliza Mwalimu kwao wanaitaje nyumbani. Alichukua daftari langu la hesabu, akaandika ukurasa wa mwisho, neno moja chini ya jingine. Wao husema *hjem*. Waingereza, *home*. Wajerumani, *Heim*. Waholanzi wana *heem*, ingawa siku hizi hawalitumii sana. Alisema ni neno moja lililotoka kwa mama mmoja, kama watoto waliohamia mbali wakabadilika sauti. Zamani sana, kwa watu walioitwa Wagothi, *haims* lilikuwa kijiji: si nyumba moja, bali watu wote mnaosikia majogoo yao. Na Waisilandi, walioko kisiwani kwenye baridi, wana *heimur*, na kwao hiyo ni dunia nzima.

"Na kabla ya hapo?" niliuliza. Siku zote niliuliza swali moja zaidi ya lililotakiwa.

Alisema wataalamu bado wanabishana, lakini wengine wanadhani shina lake lilihusu kulala, kujinyoosha mahali ukatulia.

Laiti ningenyamaza. Kijiji sikukitilia shaka, wala dunia. Lakini kulala? Nilikwenda nalo neno hilo mtoni, shambani, kanisani katikati ya mahubiri. Kama nyumbani ni mahali mtu anapojinyoosha akatulia, basi Baba na Mwaitu walikuwa wakijinyoosha wapi? Walikuwa wamejinyoosha huko mwaka mzima. Je, kyengo kinahesabu siku? Kuna siku ambayo mtu huamka na kambi si kambi tena, na nani humwarifu aliyeachwa?

Nilimwuliza Susu. Hakuinua macho kwenye katani yake.

"Kyengo ni pa ng'ombe," alisema. "Nyumbani ni hapa, walipozikwa wazee. Neno la wazungu lisikukoseshe usingizi."

Lakini naye alikuwa na wasiwasi wake. Mwaitu alikuwa mjamzito, na Susu alikuwa ametuma ujumbe mara mbili kwamba mke wa mwanawe apande mlimani ajifungulie nyumbani. Kwetu mtoto hupewa jina siku chache baada ya kuzaliwa, na wanaolitoa ni wanawake waliomsimamia mama. Susu alitaka mtoto huyo apewe jina kwenye ua wake, na wanawake anaowajua. Tulisiriba sakafu kwa maji na majivu. Tulisaga wimbi, ule ulezi wa uji wa mzazi. Nilitandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena.

Jumapili moja tulitoka kanisani tukamkuta Baba ameketi nje ya mlango, peke yake. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu la kule chini.

"Amejifungua mvulana," alisema. "Wote wazima."

Susu alimshukuru Mungu, akampa uji ule ule wa wimbi. Kisha akauliza, "Na jina?"

"Mutua."

Kwa Kikamba maana ya jina hilo ni mtu wa kukaa, asiyehama. Susu aliendelea kusimama na kibuyu mkononi.

"Nani amempa?"

"Akina mama wa jirani."

"Kumbe kyengo kina majirani."

Baba alikunywa uji mpaka ukaisha, na hata ulipoisha aliendelea kushika bakuli mdomoni. "Mama," alisema hatimaye, "tumechimba matuta. Tumepanda miembe. Pale ni nyumbani sasa."

Hakunitazama. Labda alisahau kwamba nilikuwepo, au labda alikumbuka vizuri sana. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na bado sijui ni lipi kati ya hayo mawili ningependa liwe kweli.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kuwaona. Nilimbeba Mutua, nikala maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, nikaonyeshwa miembe iliyofika magotini. Alasiri Mwaitu akaita, "Kioko, chukua jerikeni uende mtoni." Nilisimama. "Wewe kaa," akaniambia kwa upole. "Umetoka mbali."

Mnajua maana ya hilo. Kwetu mgeni hatumwi maji.

Nilimfuata Kioko hata hivyo. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalifukuliwa chini yake.

"Usichimbe hapo," aliniambia kwa sauti ya mwenye mji. "Hapo ni pa punda. Kisima chetu ni hiki."

Alikuwa na miaka saba. Nilichota kwa kata, nikajaza jerikeni, nikalibeba kwa kamba kichwani mpaka shingo ikatetemeka. Nilitaka nionekane. Mwaitu alitukuta kwenye lango la miiba, akanitua mzigo haraka.

"Kioko, huna haya? Unamwachaje mgeni abebe maji?"

Alisikia alichosema. Niliona alivyosikia, kwa sababu alianza kunifuta maji shingoni kwa kanga yake na hakuacha hata nilipokauka. 

Niliporudi mlimani nilimsimulia Mwalimu Nils. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kwao likizo na kurudi juzi tu. Alizungusha yai mkononi kwa muda.

"Mama yangu," alisema, "alinitolea vikombe vya wageni."

Sasa nina shahada ya lugha na chumba kimoja cha kupanga jijini. Susu alifariki nikiwa chuoni, na nyumba ya mlimani imefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa binamu. Tasnifu yangu ilihusu neno lile fupi. Niliandika kurasa nyingi, nikanukuu kamusi nene, na msimamizi wangu akaniuliza kwa nini hitimisho lina huzuni.

Nikienda kwa wazazi, Mwaitu huniwekea kiti chini ya miembe, ambayo sasa imelipita paa, na hutuma mtu aniletee soda dukani. Mutua yuko darasa la nane na ana maneno kama vijana wote wa siku hizi. "Mimi hapa ni punda," huniambia. "Kuni ni mimi, maji ni mimi, mbuzi ni mimi. Wewe una bahati, ukija unakaa tu."

Enzi zetu nasi tulinung'unika hivyo hivyo, tulipotumwa chumvi dukani au moto kwa jirani, na hatukujua tulikuwa tukipewa nini.  Mimi hunywa soda yangu polepole, nikimsikiliza Mwaitu akiwaita watoto wake wengine kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akiwatuma.