Maombi ya Kusimama Angani

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, wanasema ni mume wangu aliyeizuia ndege ile isianguke. Wamelisema kanisani, wamelisema kwenye bomba la maji, na sasa hata wasiokuwemo wanalisimulia kama vile walikaa dirishani. Mimi nilikuwemo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu ni mazima, na majina ya wote tuliotoka nao kambini siku ile ninayo kichwani, mpaka ya vitoto vya mgongoni. Siyaandiki. Wenyewe wako mbali na hawakunituma.

Tulikuwa tunakwenda Kanada kwa binti yetu, mtoto pekee ambaye vita vya Uvira, kwetu Kongo, vilituachia. Kila akipiga simu alikuwa na neno moja: "Mama, sitaki kuwazika kwa video." Ndilo tulilokuwa tunalifuata, hatukuwa na lingine. Tuzeeke mbele ya macho yake, na siku ikifika atuzike kwa mikono yake.

Kabla ya safari tulifundishwa. Mwalimu alileta mkanda wa kiti cha ndege, kila mtu akaufunga na kuufungua. Mume wangu alicheka: "Hii njo kamba ya mbuzi." Mwalimu akarudia kwa Kiswahili, tena polepole, kwamba taa ikiwaka ujifunge na usiinuke mpaka izime. Kwa hiyo asije mtu kuniambia mzee hakujua.

Ila sisi tuna desturi ya kanisa letu, tulitoka nayo kwetu. Maombi ya hatari huombwa mtu amesimama, mikono juu. Mgonjwa akizidiwa, tunasimama. Risasi zilipokuwa zinapita Uvira, tulisimama ndani ya nyumba yenye giza, na mume wangu, mzee wa kanisa, alikuwa mbele yetu. Kukaa wakati ule ilikuwa kama kumwambia Mungu kwamba hujali.

Yalikuwa majira ya mvua. Tuliondoka Lilongwe jua likiwaka, nikaona mashamba ya mahindi yakiwa madogo kama viraka vya nguo. Halafu mbele kukawa na wingu jeusi lililosimama kama mlima. Taa ya mkanda ikawaka. Wasichana waliokuwa wanaanza kugawa chakula wakarudisha vigari vyao mbio, wakakaa, wakajifunga. Hapo njo niliogopa. Nilijiambia, kama wenye kazi yao wamejifunga, mimi ni nani?

Ndege ikaanza kutupwa. Ikapanda, ikashuka. Mvua ya mawe ikapiga juu yetu kama inavyopiga mabati ya kambi, umeme ukapita karibu kabisa na bawa, watoto wakalia. Mume wangu akafungua mkanda wake, akasimama katikati ya njia.

"Muko munaangalia nini kama bantu ba sinema? Simameni tuombe!"

Mfanyabiashara mmoja wa Kindu, Mwislamu wa watu, jirani yetu wa sokoni kambini, akamwita kutoka nyuma: "Mzee, kaa! Mungu anakuona hata ukikaa!"

"We omba ya kwako!" akamjibu. Kisha akanishika mkono. "Mama, simama."

Mkono wangu mwingine ulikuwa juu ya mkanda. Sikuufungua.

Ndege ikashuka ghafla kama ndoo inayokatika kamba kisimani. Sikuanguka mimi, lakini yeye nilimwona akienda juu, kichwa kikagonga dari, kisha akarudi chini kwa upande, nyonga yake juu ya mkono wa kiti. Sauti ya mfupa ule niliisikia pamoja na ngurumo zote.

Rubani akageuza, tukarudi Lilongwe. Wengine wote walipandishwa ndege nyingine hali ya hewa ilipotulia. Sisi tulipelekwa hospitali. Mama mmoja Mmalawi aliyekuwa akimuuguza ndugu yake kitanda cha pili alinipa nusu ya nsima yake, ugali wa kwao, akasema "Pepani, agogo", yaani pole, bibi. Hakuniuliza nani alisimama na nani alikaa.

Hayo niliulizwa kambini. Mume wangu alibebwa mpaka kanisani kutoa ushuhuda. Akasema aliposimama tu, ndege ilipata njia ya kurudi. Watu wakapiga vigelegele. Nje, mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni, akaniita Koko, yaani bibi.

"Koko, samahani. Lakini mume na mke ni mwili mmoja, unaombaje nusu imesimama, nusu imekaa? Njo maana akavunjika."

Basi hivyo ndivyo walivyogawa. Ndege kupona ni yake. Mfupa kuvunjika ni wangu.

Mfupa ulitiwa chuma, lakini haukuunga vizuri. Daktari alisema hawezi tena kukaa safari ndefu kama ile. Ofisini kwa wanaotupangia safari wakaniita: mimi naweza kwenda, mzee afuate akipona. Nilirudi kwa mama yule wa kwaya nikamuuliza, "Nikienda, nani atamgeuza? Nani atamwosha?"

"Mungu atafungua njia, Koko."

"Najua. Nauliza, nani ataleta beseni?"

Wote waliopiga vigelegele, hakuna aliyekuja kushika beseni zaidi ya juma la kwanza.

Binti yangu alipopiga simu, nilitoka nje nikamwambia siji, nabaki na baba yake. Akasema taratibu, "Mama, hii nyumba niliichukua kubwa kwa sababu yenu. Basi nitahamia ndogo." Nikasema ndiyo, mwanangu, hamia ndogo. Hakulia. Heri angelia.

Nilipoingia ndani mume wangu alikuwa ameinua kichwa kwenye mto.

"Anasema nini? Umemwambia vile Mungu alituokoa?"

"Anakusalimia," nikamwambia. "Geuka, nikuoshe mgongo."