Nyenje wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa seremala, na kama maseremala wengi waliozeeka karibu na mashine ya kukata mbao, hakujua kusema polepole. Akiomba chumvi mezani kwetu Kamembe, mtaa mzima unajua mchuzi haukukolea. Miaka mingi nilimwomba Mungu ampunguzie sauti. Mungu akanisikia vibaya. Kiharusi kilimshika mkono na mguu wa kushoto, na baada ya hapo akanyamaza. Daktari alisema ulimi ni mzima, mwenyewe tu ndiye hataki kuutumia. Akawa anakaa barazani tangu asubuhi. Ukimuuliza kama atakunywa chai, "eeh." Ukimuuliza kama chai ni mbaya, "eeh." Niliogopa sana. Nilijua mtu anaweza kuondoka hivyo hivyo, kidogo kidogo, akiwa amekaa kwenye kiti.

Siku moja kinyonga akashuka kutoka kwenye ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, akapanda blanketi lililofunika magoti yake. Mimi nimelelewa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, nikaja huku nikiwa mtu mzima, na pande zote mbili za mto nimefundishwa jambo moja: mwanamke na kinyonga hawakai nyumba moja. Nikapiga yowe, nikakamata ufagio.

"Umuache," mume wangu akasema. "Eko anatembea polepole sawa miye."

Nikaweka ufagio chini. Sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kutoka kwake tangu hospitali. Siku ile angependa mamba, ningempa beseni la kuogea.

Kinyonga akapewa kabati letu la zamani la chakula, lile lenye milango ya wavu, likawekwa chumbani karibu na kitanda. Nilimpa majani, akakataa. Nilimpa nyama iliyokatwa vizuri, akakataa. Nikamletea nzi niliowaua kwa kandambili. Akawatazama kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akanitazama mimi.

"Anakulaka tu kitu yenye inatembea," mume wangu akanieleza.

Basi mimi, muuza vitenge, mwimbaji wa korali, nikaanza kupindua mawe nyuma ya choo nikitafuta nyenje.

Kumkamata nyenje si kazi. Kazi ni kumfanya aishi. Mdudu usiyemtaka chumbani mwako haondoki wala hafi. Mdudu unayemtaka anakufa kwa sababu yoyote. Wa kwanza niliwawekea maji kwenye kisahani, kwa ukarimu, wakazama. Waliofuata niliwafungia kwenye ndoo yenye kifuniko, unyevu ukawamaliza. Nikawapa wali wa jana, ukaota ukungu. Wengine walilana wenyewe kwa wenyewe na karoti iko pale pale. Kila asubuhi mume wangu aliinua kichwa kitandani na kuuliza, kwa sauti ndogo, "Banakufa tena? Umebafanya nini?" Nami nilifurahi kuulizwa, hata kama ni mbele ya maiti.

Mwishowe tukaelewana, mimi na nyenje. Beseni pana, chini pakavu, trei za mayai za kujifichia, pamba iliyoloweshwa badala ya kisahani, pumba na karoti, na juu kipande cha chandarua. Nikajikuta nawasalimu asubuhi, nawauliza wameamkaje, wadudu ambao kabla ya saa sita ningewapeleka kuliwa. Mbuzi wa Noeli sijawahi kumhurumia hivyo.

Lakini nyenje aliyeshiba anaimba, na kina mama wa korali walikuwa na desturi ya kuja kumwombea mgonjwa. Wangejua kwamba analala na kinyonga, kiharusi kingekuwa kimepata maelezo na mimi ningekuwa nimepata jina la mchawi. Siku waliyokuja nikalifunika beseni kwa blanketi zito, nikafunga mlango wa chumba. Hata hivyo, katikati ya maombi, kri, kri, kri. Mama presidente wa korali, mwanamke mnene mwenye imani isiyo na breki, akainua mkono.

"Kuna sauti hapa ndani! Bwana, uinyamazishe! Ikufe kabisa!"

Wote wakaitikia amina. Nami nikasema amina, ningefanya nini?

Asubuhi nikafunua blanketi: hakuna aliyepona. Walikosa hewa. Jumapili mama presidente akatoa ushuhuda kanisani jinsi alivyokemea sauti ya adui nyumbani kwetu, na nyumba ikatulia. Kweli ilitulia. Mume wangu alipoona beseni aligeukia ukuta, na siku ile hata "eeh" sikuipata. Hapo sikucheka. Nilitoka kwenye mvua kupindua mawe, nikilia kama mjinga, kwa sababu kinyonga alikuwa na njaa na mimi nilikuwa naona mume wangu anarudi kule alikotoka.

Nikajaza beseni tena. Kisha umudugudu, yaani uongozi wa mtaa wetu, ukatangaza siku ya kupuliza dawa ya mbu. Siku hiyo kila nyumba inatoa vitu vyake vyote nje, na ndipo mtaa unapojua nani ana godoro lililotoboka na nani aliazima sufuria akasahau kurudisha. Dawa inayoua mbu haitamwacha nyenje, kwa hiyo beseni lilitoka, na kabati lilitoka. Mume wangu, mimi na majirani tulimtoa pamoja na makochi. Kabati nikalifunika kwa kitenge kipya, maua ya njano juu ya buluu, ili mtu asione ndani.

Kosa la muuza vitenge, hilo. Mama presidente ni jirani yangu, na kitenge kipya hakijawahi kupita mbele yake bila kupimwa kwa vidole. Akaja, akashika pindo, akasifu, akalinyanyua aone upande wa pili. Akakutana uso kwa uso na kinyonga.

Yowe lake lilifika sokoni. Aliruka kinyumenyume, akaketi juu ya beseni, beseni likapinduka, na nyenje wakatawanyika kati ya magodoro ya watu. Kuku wa mtaa mzima wakafika mbio.

"Kuku ya nani hii?!"

Niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama. Mkono mmoja kwenye fimbo, mshipa wa shingo umetoka, na ile sauti, sauti ya mashine ya mbao, ikipasua uwanja.

"Mutoe kuku! Mama presidente, usikae, simama, iko mumoja nyuma ya kiatu yako! Weye, funika na sufuria! Polepole! Hapana kubakanyaga!"

Na watu wakatii. Mama presidente mwenyewe alikamata nyenje kwa kifuniko cha sufuria huku akilitaja jina la Yesu. Mume wangu akavuta mguu wake hatua kwa hatua hadi kwangu, uso umejaa hasira.

"Miye nilikuambia ufunge ile beseni na kamba! Nilikuambia, ao sikukuambia?"

Hakuwa ameniambia. Kwa miezi hakuwa ameniambia lolote, isipokuwa vijineno viwili vitatu vya wadudu.

"Hukuniambia!" nikapaza sauti.

"Nilikuambia! Masikio yako njo haisikiaka!"

Tulisubiri nje mpaka harufu ya dawa ipungue, tumekaa kwenye makochi yetu mbele ya mtaa mzima, tukigombana juu ya kamba. Kila aliponifokea nilimjibu, neno kwa neno, na moyoni nilikuwa naomba asichoke.